Shokapu ya Pili

Waliomuua rafiki yangu ni watu watatu, na wote nitawataja. Majina siandiki, wenyewe wakisoma watajijua. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupendeza akatafute kwa wengine. Mie nina jicho moja, mkono wa kushoto una vidole vitatu, na mpaka majuzi nilikuwa sijatia hata konzi moja ya udongo kwenye kaburi la mtu tuliyekula naye ugali sahani moja miaka sita. Jicho nilishalizoea. Hilo la udongo ndilo lililokuwa linanila.

Kazi yangu ni kubeba mizigo soko la Tandale. Sisi wapagazi tunatumia kulabu, ndoano ya chuma unayochoma kwenye gunia ili upate pa kushika. Za kununua zilikuwa laini. Siku moja kulabu ikaninyookea na gunia la viazi mgongoni, gunia likaporomoka likamvunja mwenzangu kidole cha mguu, na mwenye mzigo akanizaba makofi mawili mbele ya wauza nyanya. Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini, napigwa makofi na mtu niliyemzidi umri. Jioni ile nikaokota kipande cha nondo, nikamwomba mama ntilie mmoja anipe jiko lake likiwa bado na makaa, nikakipiga kile chuma kwa nyundo ya kuazima mpaka kikapinda. Kulabu ilitoka na sura mbaya, lakini haikunyooka tena.

Basi hapo ugonjwa ukaniingia. Ukishinda wiki nzima unatukanwa, halafu Jumapili ukapiga kitu kwa nguvu zako zote na kikakutii, unarudi nyumbani umetulia kuliko aliyekunywa.

Rafiki yangu alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Mtwara, kahamia Pugu kwa sababu ya nafasi. Alikuja sokoni kununua mahitaji akaiona kulabu yangu.

"Hii nani kakufulia?"

"Nimefua mwenyewe."

"Muongo. Hii imefuliwa na mlevi."

"Basi mlevi ndo mie."

Akacheka mpaka akaegemea gunia. Akaniambia kwake ana uwanja, nyuma ni vichaka, hata tukipiga nyundo kutwa nzima hakuna wa kulalamika. Yeye alikuwa anataka patasi. Za dukani zilikuwa zinabutuka kwenye mpingo, alikuwa anakaa zaidi kwenye jiwe la kunolea kuliko kwenye kinyago. Tukatafuta kipande cha reli kikawa fuawe letu la kupigia chuma. Feni ya kupulizia moto, ya kuzungusha kwa mkono, nilimletea mie. Kila Jumapili alasiri tukawa tunakutana, wakaongezeka wengine, tukafika saba. Hakuna aliyekuwa mhunzi wa kazi. Mmoja alikuwa mlinzi, mmoja fundi viatu, mmoja kinyozi. Tulikuwa watu wa kupenda chuma tu.

Na kulikuwa na karani wa kampuni ya kusafirisha mizigo, mtu wa bara, kasoma mpaka kidato cha sita. Huyu ndiye alifungua kundi kwenye simu. Tukawa tunatumiana madokezo humo. Chuma kikiiva sawasawa sumaku hukikataa, kwa hiyo funga sumaku kwenye waya uijaribie. Bomba la maji lenye rangi ya fedha usiliweke motoni, moshi wake mweupe utakulaza kitandani na homa. Oili chafu iwe ya vuguvugu kabla hujazamisha kisu, ikiwa baridi kisu kinapinda. Mengine yalikuwa ya kweli, mengine ya kijinga, na huwezi kujua lipi ni lipi mpaka ujaribu.

Kinyozi aliwahi kuleta dokezo la kuzamisha kisu kwenye maji ya chumvi yenye barafu. Akampa mlinzi ajaribu, yeye akakaa pembeni na soda yake. Kisu kikapasuka, kipande kikamchana mlinzi shavu mpaka meno yakaonekana. Mlinzi akainuka na damu yake akampiga kinyozi nyundo ya bega. Kidogo tuuane siku ile. Baada ya hapo mchongaji akaweka sheria: mleta dokezo ndiye mshika koleo. Umelileta wewe, ulishike wewe mwenyewe motoni, wengine tukutazame. Miaka minne hiyo sheria haikuvunjwa.

Sasa siku moja Karani akatuma video ya Mzungu, na chini yake sauti yake mwenyewe: "Wakuu, patasi bora kuliko zote ni fimbo ya shokapu ya gari. Na kuitoa msihangaike na grenda. Weka kichwa cha shokapu motoni, mpira wa ndani unaungua, fimbo unaichomoa kama kijiti kwenye mshikaki."

Mie kuandika kunanichukua muda, na nikiandika wananicheka, kwa hiyo nikatuma sauti: "Jamani, kitu chochote kilichozibwa kitobolewe kwanza. Msikiweke motoni hivyo hivyo."

Karani akajibu: "Umejuaje, braza?"

"Nimejua tu."

"Nimejua tu! Mpagazi anamfundisha Mzungu!" Wakamwaga vikatuni vya kucheka, mpaka kinyozi naye, aliyemchana mwenzake shavu. Nikazima simu.

Shokapu alizitafuta mchongaji mwenyewe, kwa muuza vyuma chakavu huku Temeke. Mie nilimsindikiza. Zilikuwa mbili, zimepakwa matope na grisi. Nikamuuliza yule muuzaji kama kuna kitu ndani.

"Zote nimeshazitoboa nikamwaga oili," alisema. "Nyie chukueni tu."

Hakuzigeuza atuonyeshe. Sisi nasi hatukuzigeuza. Huyo ndiye wa kwanza.

Jumapili ile umeme ulikatika tangu asubuhi, drili ya mchongaji ikawa pambo. Tulikuwa watano. Mchongaji alikuwa na haraka, kuna mteja alikuwa anasubiri kinyago kikubwa cha watu waliopandiana mabegani, na patasi zake zote zilikuwa butu. Mkewe alikuwa ndani anakanda unga. Karani akashika koleo kama sheria inavyosema, mie nikakaa kwenye feni.

Ya kwanza ikaingia motoni. Ikatoa moshi mweusi, mpira ukanuka, kichwa kikawa chekundu. Karani akaitoa, mlinzi akaibana fimbo kwa koleo lingine, ikachomoka kweli. Kama kijiti kwenye mshikaki. Watu wakashangilia. Mchongaji akaimwagia maji ile fimbo akaibusu, akaiinua juu kama kombe.

Karani akanigeukia. "Mpagazi, bado unataka kutoboa?"

"Atoboe masikio yake," kinyozi akasema, wakaangua kicheko. Mchongaji naye alicheka. Mie nikainamia feni yangu. Aibu ilinipanda mpaka shingoni, nikasema moyoni, haya, nyie ndo mnajua.

Ya pili ikaingia motoni. Haijakaa vizuri, simu ya Karani ikaita. Akaitazama, akamkabidhi mchongaji koleo. "Nishikie kidogo, bosi huyu." Akaondoka kwenda kwenye uzio, hatua kama ishirini.

Nikasema, "Na sheria?"

"Ya kwanza si imetoka salama?" mchongaji akanijibu. "Zungusha feni wewe, moto unalala."

Nikazungusha.

Nikaona pale shingoni mwa shokapu kitone cha oili kinachemka, kinavimba na kunywea, kinavimba na kunywea. Ile ya kwanza haikufanya hivyo. Niliona, kwa macho yangu yote mawili, na mkono wangu ukaendelea kuzunguka.

Mlipuko wenyewe sikuusikia. Wanasema ulisikika mpaka barabara ya lami. Mie ninachokumbuka ni kwamba moto ulisimama wima, halafu ukawa kila mahali. Makaa yaliniingia usoni kama mtu kanitupia kwa koleo. Lile bomba la shokapu lilirudi upande wangu likapiga mkono wa feni na mkono wangu ukiwa juu yake. Ile fimbo ilitoka upande wa pili. Ilimwingia mchongaji chini ya koo, pale mifupa miwili inapokutana, ikatokea nyuma. Ilikuwa bado nyekundu. Nilisikia ikichoma nyama, ule mlio ninaoujua kwenye maji na oili, na sasa naujua kwenye mtu.

Hakuanguka. Alikaa chini polepole kama mtu aliyetoka safari, akaweka mikono magotini, akaitazama ile fimbo, akanitazama mie. Alitaka kusema kitu. Mkewe alitoka na ndoo ya maji, mikono ina unga, akammwagia yeye badala ya moto. Mvuke ukapanda. Akafa vile vile amekaa, na mie nimepiga magoti mbele yake natafuta vidole vyangu kwenye majivu.

Karani alikuwa bado kwenye uzio. Simu iko sikioni. Hana hata mchubuko.

Watu walipojaa, na afande alipofika, yeye ndiye aliyekuwa na maneno. Alinioneshea kidole mie niliyelala chini na damu. "Mzoefu hapa ni huyu. Huyu na marehemu ndo walianzisha. Yeye ndiye alikuwa kwenye feni." Mke wa mchongaji, shemeji yangu yule, alinitazama, na kuanzia hapo akawa haniangalii usoni. Sauti yake Karani aliyoituma kundini, ile ya mshikaki, ilifutwa kabla mimi sijafika hospitali.

Alizikwa kesho yake. Mie nilikuwa wodini, jicho limeshatolewa. Kwetu sisi, mtu wako akizikwa unatia udongo konzi tatu, ndiyo kumuaga. Usipotia, ni kama mmeachana katikati ya maneno.

Nikangoja arobaini. Nikaenda Pugu nimevaa kanzu, bandeji kichwani, nia yangu nisome dua na wenzangu halafu niwaombe kaka zake wawili wanipeleke kaburini. Nilipita nyuma ya nyumba kutafuta maji ya udhu. Pale chini ya mgomba nikaliona bomba la shokapu ya kwanza, ile iliyotoka salama. Nikaliokota, nikaligeuza. Kulikuwa na tundu ubavuni, dogo, la drili. Nikatafuta la pili, liko kwenye majani, limepasuka kama ganda la ndizi. Nikalipapasa lote. Halikuwa na tundu.

Kaka mkubwa ndo akatokea hapo. Kanikuta nimechuchumaa, vyuma viwili mikononi, arobaini ya mdogo wake.

"Kaja kuokota vyuma!" alipiga kelele. "Jamani njooni, mwuaji kaja kuokota vyuma!"

Sikupata kusema. Teke la kwanza lilinipata mbavuni, la pili kwenye bandeji. Kaka mdogo alileta mchi wa kutwangia. Walinipiga kama tulivyokuwa tunapiga chuma, mmoja anapiga mwenzake anapokea, kwa zamu, bila kugongana. Hata nikiwa chini niliona kwamba wanapiga vizuri. Wanawake ndio walioniokoa. Shemeji hakutoka ndani. Kaka mkubwa akaniambia, "Ukilisogelea lile kaburi tutakufukia pembeni yake."

Nilipoweza kutembea nilikwenda Temeke kwa muuza vyuma. Alinitambua kwa shida.

"Zote ulizitoboa?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Moja drili ilikatika ncha, mzee wangu. Nikasema mafundi mtaona wenyewe."

Nilimkaba koo kwa huu mkono wa vidole vitatu. Vitatu vinatosha, asikudanganye mtu. Vijana wake wakanitoa kwa mabomba, wakanitupa kwenye mtaro. Nilicheka kule mtaroni. Ile ncha ya drili ingemgharimu nini?

Karani nilimfuata nyumbani kwake Kinondoni, Jumapili, saa zile zile tulizokuwa tunakutana. Kafungua mlango na kikombe cha chai. Nikampiga ngumi ya mdomo, kikombe na meno vikashuka pamoja kwenye sakafu. Nikampiga tena. Hakujitetea. Nilimpigia sheria yetu, kila ngumi neno moja: mleta, dokezo, ndiye, mshika, koleo.

Akasema huku anatema damu, "Niliogopa! Haya, niliogopa! Ile ya pili ilikuwa nzito, nikasikia kitu kinacheza ndani. Hakuna bosi aliyepiga. Ilikuwa alamu tu ya simu yangu. Niliogopa nikatoka."

"Ukampa mwenzako."

"Nikampa mwenzangu." Akafuta mdomo, akanitazama. "Na wewe je? Ulisema toboeni. Mie nimeona kwenye video tu, sikuwahi kuona kikilipuka. Wewe ulijuaje? Nilikuuliza, ukasema umejua tu. Ulijuaje?"

Ngumi ilikuwa juu. Nikaishusha. Nikatoka, na mkewe nyuma anapiga yowe la mwizi.

Ninyi mnaosoma nanyi mtaniuliza nilijuaje. Haya. Mwaka wangu wa kwanza, kabla sijawa na marafiki wa chuma, niliwahi kuweka mguu wa kiti motoni, bomba lililochomelewa ncha zote mbili. Nilikuwa peke yangu uani Tandale. Liliruka kama risasi, likapita juu ya ukuta wa mabati, likatua kwenye sufuria ya uji ya mama jirani. Uji ukamwunguza mapaja yote mawili. Miezi aliuguza yale mapaja. Nilimwambia ni watoto wametupa chuma. Watoto wa watu wakachapwa kwa fimbo mbele yangu, na mie nimesimama nasema, watoto wa siku hizi bwana. Kisa hicho sikumsimulia mtu yeyote, hata mchongaji. Kundini ningesema "nilijua kwa sababu hivi na hivi," wasingecheka. Lakini ningelazimika kusema na uji, na mapaja, na watoto waliochapwa. Nikaona bora nichekwe. Basi Karani ndiye wa pili, na wa tatu ndo mie.

Nilikwenda Pugu baada ya masika. Shemeji alikuwa anapika vitumbua mbele ya nyumba. Nikasimama mbali kidogo.

"Shikamoo" hakuniambia, na hakuniambia niondoke.

Nikamweleza yote nimesimama. Muuza vyuma na tundu moja. Karani na simu. Halafu nikamweleza la uji, na la kitone cha oili nilichokiona kikichemka. Vitumbua viliungua kwenye chuma, hakuvigeuza.

"Ulikiona?" akauliza.

"Nilikiona, shemeji."

"Na ukazungusha."

"Nikazungusha."

Akachukua ile sindano ya kugeuzia vitumbua, ya moto, akanibandika mkononi juu ya kovu. Sikuutoa mkono. Alipoiondoa akasema, "Hayo maneno kayaseme tena kwa shemeji zangu. Yote. Na la uji usiliruke." Akamwita mtu akawaite.

Nikayasema tena, mbele ya kaka wawili na majirani. La uji lilikuwa gumu kuliko yote. Nilipomaliza, kaka mkubwa alinipiga kofi moja, la mkono wazi, likaniangusha. Safari hii nilijua linahusu nini, na yeye alijua. Halikufuata lingine.

Akageuka akachukua jembe lake. Kisha akasema kama anaongea na ukuta, "Kaburi limetitia kwa mvua. Tulikuwa tunatafuta watu wa kubeba udongo."

"Kubeba ni kazi yangu," nikasema.

Nilibeba magunia manne ya udongo kutoka kwenye kichuguu mpaka makaburini, kwa kulabu yangu ile ya kwanza, yenye sura mbaya. Hakuna aliyenisaidia. Kaburi lilikuwa limebonyea upande wa kifuani. Nikapiga magoti, nikachota konzi ya kwanza kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mkono wa kushoto hauzibi, udongo ukavuja pale palipokuwa na vidole, ukaishia magotini kwangu. Nikachota tena, ukavuja tena. Nikatumia wa kulia peke yake, mara tatu.

Nilitaka kusimama. Kaka mkubwa alikuwa juu yangu na jembe, kivuli chake kimelala kaburini.

"Ongeza," akasema. "Bado kuna shimo."